Kinyama cha Wajapani na udongo wa Katanga: Godzilla alitokea wapi



Jumamosi jioni nilikuwa katika moja ya vituo ambamo wanaishi familia zilizokimbia vita, pembeni ya mji wetu wa Kalemie. Nilikwenda huko kwa habari ya maji. Nilipotaka kurudi nyumbani nikasikia kelele za watoto. Kijana mmoja alikuwa amewasha jenereta na kuweka televizio ndogo juu ya meza, chini ya hema. Watoto walikuwa wamejaa, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni. Filamu ilikuwa ile ya mwaka 2024, ambamo Godzilla na sokwe mkubwa Kong wanapigana na maadui wao ndani ya mji wa Rio de Janeiro. Manyumba ya gorofa yalikuwa yakianguka kama mabua ya mahindi, na watoto walikuwa wakipiga makofi.

Kambo mmoja alikuwa ameketi nyuma, juu ya kidumu cha maji. Aliangalia kidogo, akageuza uso. Kisha akaniita.

“Papa wa redio, ile kinyama inatokaka wapi? Na juu ya nini inabomoa manyumba ya watu vile?”

Mjukuu wake akacheka: “Kambo, ni filme tu!”

“Filme?” akasema kambo. “Manyumba inaanguka, watu wanakimbia, na ninyi munacheka.”

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia: “Kambo, nipe siku chache, nitakuletea.” Habari hii ndiyo jibu langu kwake. Nilidhani jibu lingekuwa Japani na Marekani peke yake, lakini nilipofuata nyayo za kile kinyama, njia moja ilinirudisha hapa kwetu, kwenye udongo wa Katanga.

Shimo la Shinkolobwe

Karibu na mji wa Likasi, ambao wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville, kuna mahali panapoitwa Shinkolobwe. Wakati ule Kalemie, Likasi, Kolwezi na Kamina vyote vilikuwa Katanga moja, kabla jimbo halijagawanywa mwaka 2015. Ni mwaka 1915 ndipo urani iligunduliwa huko. Kampuni kubwa ya machimbo ya wakati ule, Union Minière du Haut Katanga, ilianza kuichimba, lakini si kwa ajili ya bomu. Siku zile hakuna mtu aliyewaza bomu la namna hiyo. Walitafuta radiamu, kitu cha bei kali sana ambacho waganga wa Ulaya walitumia kutibu kansa. Urani yenyewe ilionekana kama takataka inayobaki baada ya kazi. Mwaka 1937 shimo lilifungwa, na maji yakajaa ndani.

Kisha wataalamu wa Ulaya wakagundua kwamba chembe ya urani ikipasuliwa hutoa nguvu ya kutisha. Mkubwa wa kampuni, Mbelgiji Edgar Sengier, alisikia habari hiyo. Mwaka 1940, Wajerumani walipoingia Ubelgiji, aliamuru urani iliyokuwa tayari imechimbwa ipelekwe New York. Tani zaidi ya 1,000 zilivuka bahari na kuwekwa katika ghala moja la Staten Island. Zilikaa pale ndani ya mapipa, karibu miaka miwili, bila mtu kuziuliza.

Tarehe 18 mwezi wa tisa mwaka 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani aliingia katika ofisi ya Sengier huko New York. Alikuja kutafuta urani kwa kazi ya siri ya kutengeneza bomu. Sengier alimwambia kwamba iko tayari, tena iko New York. Wakapatana siku ileile.

Ni kwa nini walitaka ya Katanga? Kwa sababu haikuwa na mfano. Katika machimbo ya Marekani na Kanada, urani ndani ya mawe ilikuwa kidogo sana, karibu asilimia 1 au chini yake. Ya Shinkolobwe ilifika hadi asilimia 65. Basi Wamarekani wakasaidia kufungua shimo tena, maji yakatolewa, na kazi ikaanza kwa nguvu. Wachimbaji walikuwa Wakongo. Walichimba, wakachagua mawe kwa mikono, wakajaza magunia. Mizigo ilipanda treni hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ikashuka kwa mashua hadi Léopoldville, kisha kwa treni tena hadi bandari ya Matadi. Wale waliobeba hawakuambiwa wanabeba nini wala kinakwenda kufanya nini.

Baada ya vita Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani, mwaka 1946. Majina ya waliobeba magunia hayamo katika vitabu vya historia vinavyosomwa duniani.

Moto juu ya Hiroshima

Tarehe 6 mwezi wa nane mwaka 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha bomu la urani juu ya mji wa Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ilitoka Shinkolobwe. Siku tatu baadaye, bomu la pili, la aina nyingine, lilianguka juu ya Nagasaki. Mwisho wa mwaka ule, watu karibu 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na karibu 70,000 Nagasaki. Wengi walikuwa raia: wamama waliokuwa wakipika, wanafunzi waliopelekwa kufanya kazi barabarani, wazee. Wengine walionekana wazima, kisha nywele zikaanza kunyonyoka, damu ikatoka kwenye fizi, wakafa baada ya majuma machache. Waganga hawakujua waite ugonjwa ule jina gani.

Japani ilishindwa, na Wamarekani wakaitawala mpaka mwaka 1952. Miaka ya kwanza, magazeti, redio na sinema za Japani zilikaguliwa. Habari za waliochomwa na bomu hazikuandikwa kwa uhuru, na picha zao zilifichwa. Mtu aliyeungua aliweza kupita njiani na makovu yake, kila mtu akayaona, lakini gazeti halikusema. Ni mwaka 1952, utawala ule ulipokwisha, ndipo picha za Hiroshima zilipoonekana na watu wengi.

Ninyi mliokimbia mnaelewa jambo hili kuliko mimi. Mtu akiona maovu kisha akakosa pa kuyasema, yale maneno hayafi. Yanakaa ndani, yanatafuta mlango.

Majivu juu ya bahari

Mlango ulifunguka mwaka 1954, na kilichoufungua kilikuwa msiba mwingine.

Katikati ya bahari ya Pasifiki kuna visiwa vya Marshall, na kimoja kinaitwa Bikini. Mwezi wa pili mwaka 1946, mkubwa mmoja wa jeshi la majini la Marekani aliwakusanya wakaaji wake baada ya ibada ya Jumapili. Aliwaomba waondoke kwa muda, ili majaribio ya mabomu yafanyike kwa faida ya watu wote wa dunia. Walikuwa watu 167. Wakakubali, wakafunga mizigo yao. Walipelekwa kisiwa cha Rongerik, ambako chakula kilikuwa haba na njaa ikawashika. Wakahamishwa tena, na tena. Lile neno “kwa muda” halijaisha mpaka leo, kwa sababu udongo wa Bikini ulibaki na sumu. Kati ya 1946 na 1958 mabomu 23 yalipasuliwa pale.

Lililokuwa kubwa kuliko yote lilipasuliwa tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka 1954. Nguvu yake ilikuwa karibu mara 1,000 ya lile la Hiroshima, kupita hesabu ya wataalamu wenyewe. Majivu meupe yakaanza kuanguka kutoka mbinguni. Katika kisiwa cha Rongelap, watoto waliyachezea, kwa kuwa hawakujua ni nini. Watu wa Rongelap waliondolewa baada ya siku mbili au tatu, wakarudishwa mwaka 1957, kisha mwaka 1985 wakaondoka wenyewe, wakichoka kuona watoto wao wanaugua.

Majivu yaleyale yaliangukia mashua ya wavuvi wa Japani iliyoitwa Daigo Fukuryu Maru. Ndani yake walikuwamo wavuvi 23. Waliporudi bandari ya Yaizu, tarehe 14 mwezi wa tatu, ngozi zilikuwa zimeungua na nywele zinatoka. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alikufa tarehe 23 mwezi wa tisa mwaka ule. Kazi yake katika mashua ilikuwa kushika mitambo ya redio. Mimi mwenyewe ni mtu wa redio, na jina hilo halijanitoka kichwani.

Japani nzima ikaogopa. Samaki walipimwa sokoni, na wengi wakatupwa. Wamama wa mtaa wa Suginami, Tokyo, wakaanza kukusanya sahihi za kupinga mabomu hayo, na ndani ya mwaka mmoja na kidogo sahihi katika nchi zikapita milioni 30.

Filamu ya mwaka 1954

Wakati huo mtayarishaji mmoja wa filamu, Tomoyuki Tanaka wa kampuni ya Toho, alikuwa na shida. Filamu aliyotaka kutengeneza Indonesia ilikuwa imevunjika, na alitakiwa kuleta nyingine upesi. Marekani ilikuwa imekwisha kuonyesha filamu za wanyama wakubwa: King Kong ya mwaka 1933, na mwaka 1953 nyingine ya mnyama aliyeamshwa na bomu. Tanaka akaunganisha hayo na habari ya ile mashua. Akawaza: je, bomu la baharini lingeamsha kitu gani chini ya maji?

Jina lake kwa Kijapani ni Gojira. Ni maneno mawili yaliyounganishwa: gorira, yaani gorila, yule ambaye ndugu zetu wa Kivu wanamwita ngagi, na kujira, yaani nyangumi.

Kazi ya kuongoza filamu alipewa Ishiro Honda. Huyu alikuwa amekaa miaka mingi jeshini huko China, na alipokuwa akirudi nyumbani mwaka 1946 alipita Hiroshima, akaona mji uliogeuka majivu. Fundi wa kutengeneza picha za ajabu alikuwa Eiji Tsuburaya, ambaye wakati wa vita alijenga merikebu na bandari ndogo za maonyesho kwa ajili ya filamu za kusifu jeshi. Sasa alijenga Tokyo ndogo, ili ikanyagwe. Ndani ya ngozi ya mnyama alikuwamo mtu, Haruo Nakajima, amebeba vazi la karibu kilo 100, jasho likimtoka mpaka nguvu zikamwishia. Ile sauti ya kunguruma ilitengenezwa na mtunzi wa muziki Akira Ifukube: walisugua nyuzi za zeze kubwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu, kisha wakapunguza mwendo wa sauti.

Filamu ilitoka tarehe 3 mwezi wa kumi na moja mwaka 1954. Inaanza na mashua. Mabaharia wanapumzika, wengine wanapiga muziki, ghafla mwanga mkali unatoka baharini na mashua inaungua. Ndani, mtu wa redio anatuma ombi la msaada. Kila Mjapani aliyeketi katika sinema alijua hiyo ni mashua gani.

Kambo, kama ungeiona hiyo ya kwanza, nadhani usingegeuza uso. Au ungegeuza kwa sababu nyingine. Ndani ya treni, mwanamke kijana anasema kwamba aliponea chupuchupu Nagasaki, na sasa linakuja hili. Na wenzake wanalalamika kwamba watatakiwa tena kukimbia makwao. Mnyama anapoingia Tokyo, mama mmoja ameketi chini amekumbatia watoto wake, moto uko pande zote, anawaambia kwamba karibu watakutana na baba yao. Asubuhi yake hospitali imejaa, wagonjwa wamelazwa sakafuni, na mganga anapitisha chombo cha kupima sumu ya bomu mbele ya mtoto mdogo, kisha anatikisa kichwa.

Na kuna watangazaji. Wamepanda juu ya mnara na mikrofoni zao, wanaeleza kila hatua ya yule mnyama. Anakuja kwao. Wanaendelea kusema. Mnara unapoanza kupinda wanawaaga wasikilizaji, na wanaanguka nao. Nimeangalia sehemu ile mara tatu, nikawakumbuka wenzangu wa kazi ambao hawapo tena.

Mwishoni mnyama anauawa na silaha mpya ya mtaalamu mmoja, Serizawa. Lakini Serizawa hafurahi. Anajua kwamba wakubwa wa dunia wakiipata silaha hiyo wataitumia juu ya watu. Anachoma karatasi zake zote, anashuka baharini, na anakufa na siri yake. Mzee Yamane, mtaalamu mwingine, anamaliza filamu kwa onyo: majaribio ya mabomu yakiendelea, huenda mwingine kama huyu atatokea mahali pengine duniani.

Tiketi zaidi ya milioni 9 ziliuzwa Japani. Watu walilipa pesa ili walilie gizani yale ambayo walikuwa hawajayalilia hadharani.

Mnyama anageuka mchezo

Mwaka 1956 Wamarekani waliionyesha filamu ile kwao, lakini kwanza waliikata. Waliingiza ndani mzungu, mwandishi wa habari aliyechezwa na Raymond Burr, ili aeleze mambo kwa niaba ya Wajapani. Maneno ya yule mwanamke wa Nagasaki yaliondolewa. Onyo la mwisho la mzee Yamane liliondolewa pia. Sehemu nyingi za dunia zilimfahamu Godzilla kwa njia hii iliyopunguzwa. Simlaumu Burr, alicheza kazi aliyopewa. Lakini angalieni jambo hilo: wenye msiba walitengeneza habari yao, na mara ilipovuka mpaka ikapewa msemaji mwingine.

Baadaye Wajapani wenyewe waliigeuza biashara. Wakaja wanyama wengine: Rodan mwaka 1956, Mothra mwaka 1961, Ghidorah wa vichwa vitatu mwaka 1964. Mwaka 1962 Godzilla alipiganishwa na King Kong. Watoto walimpenda, na polepole yule aliyechoma Tokyo akawa mtetezi wa Tokyo. Mwaka 1971 alipigana na Hedorah, zimwi lililotokana na uchafu wa viwanda, kwa kuwa siku zile Japani ilikuwa ikiugua kwa moshi na maji machafu. Basi hata katika mchezo, mara kwa mara ukweli ulirudi. Mpaka leo zimetengenezwa filamu zaidi ya 35 zenye jina lake, bila kuhesabu vitabu vya picha, michezo ya kompyuta na vinyago vya watoto.

Mwaka 2014 kampuni ya Legendary ya Marekani ilianza mfululizo mpya, unaoitwa MonsterVerse. Hapa Godzilla na Kong wanaishi katika dunia moja, na kila filamu inashika mkono wa nyingine: Godzilla mwaka 2014, Kong: Skull Island mwaka 2017, Godzilla: King of the Monsters mwaka 2019, Godzilla vs. Kong mwaka 2021, na ile ya 2024 tuliyoiona chini ya hema. Mwaka 2023 ukaongezwa mfululizo wa televizio, Monarch: Legacy of Monsters. Zimetengenezwa kwa ufundi mkubwa, nami sisemi watoto wasiziangalie.

Ila kuna jambo moja nataka mlijue. Katika hadithi ya 1954, bomu ndilo kosa, na mnyama ni matokeo yake. Katika MonsterVerse mambo yamegeuzwa. Wanasema kwamba yale mabomu ya Bikini hayakuwa majaribio ya silaha, bali ni jeshi lililojaribu kumwua Godzilla. Yaani bomu lililowachoma wavuvi na kuwafukuza watu wa Bikini limekuwa, ndani ya hadithi, ulinzi wa binadamu. Na katika filamu ya 2019, ni bomu la atomiki linalopasuliwa ili kumrudishia Godzilla nguvu zake, apate kuwaokoa watu. Hapo bomu ni dawa.

Haki isemwe: filamu ya 2014 haikusahau yote. Kuna mahali ambapo Serizawa wa sasa anamwonyesha mkubwa wa jeshi saa ya mfukoni ya baba yake, iliyosimama saa mbili na robo asubuhi. Yule mkubwa anaelewa: Hiroshima. Inachukua dakika moja, kisha vita vya wanyama vinaendelea.

Nimefikiri sana juu ya hilo. Hakuna mtu aliyesema uongo kwa makusudi. Ni hadithi, na hadithi hugeuzwa na anayeishika. Lakini kijana wa miaka 12 aliyeketi chini ya hema hajui Bikini. Kwake yeye, Bikini ni mahali walipompiga Godzilla bomu. Watu 167 waliofunga mizigo baada ya ibada hawamo.

Waliobaki na habari yao

Wajapani hawakuacha mnyama wao aende moja kwa moja. Mwaka 2016 walitengeneza nyingine, baada ya tetemeko la ardhi, bahari iliyofurika na ajali ya kiwanda cha umeme cha Fukushima mwaka 2011. Mwaka 2023 Takashi Yamazaki akatoa Godzilla Minus One, nayo mwaka 2024 ikapata tuzo ya Oscar kwa ufundi wa picha.

Kambo, ikifika hapa Kalemie hiyo ndiyo nitakuletea. Inaanza vita vikiisha. Askari mmoja, aliyeogopa kufa, anarudi Tokyo na kukuta mtaa wao umeungua, wazazi wamekufa. Jirani anamtukana kwa kuwa amerudi mzima. Mwanamke kijana anakuja kwake, amebeba mtoto mchanga ambaye si wake. Alimwokota kwa mama aliyekuwa akikufa. Watatu hao wanajenga kibanda cha mbao na mabati, wanagawana chakula kidogo, wanakuwa familia. Mnyama, aliyeonekana mwanzoni, anarudi baadaye. Na serikali inaposhindwa kusaidia, ni wakaaji wenyewe, mabaharia wa zamani na vijana wasio na silaha, wanaokutana katika chumba kimoja na kupanga watakavyofanya. Anayepanga anawaambia kwamba safari hii hawataki kufa, wanataka kuishi.

Na wale waliochomwa kweli, si wa filamu, nao hawakunyamaza. Mwaka 1956 waliunda umoja wao, Nihon Hidankyo. Kwa miaka karibu 70 walitembea shuleni, makanisani, katika mikutano ya mataifa, wakionyesha makovu yao na kueleza walichoona. Mwaka 2024 walipewa tuzo ya Nobel ya amani. Walikuwa wazee sana. Walishinda kwa kusema habari ileile, bila kuchoka, mpaka dunia ikasikia.

Na sisi?

Shinkolobwe haikuisha na vita. Marekani iliendelea kununua urani yake miaka kadhaa, na karibu na uhuru wa 1960 Wabelgiji waliziba shimo kwa saruji. Baadaye njaa iliwarudisha watu kuchimba kobalti pale kwa mikono. Mwanzo wa mwaka 2004 rais alitoa amri ya kulifunga, na mwezi wa saba mwaka uleule udongo ukaporomoka na kuua watu wasiopungua 8.

Katika filamu zote za mnyama huyu nilizoziona, sijasikia jina la Shinkolobwe hata mara moja. Mimi mwenyewe, shule ya sekondari, nilisoma Hiroshima katika mstari mmoja wa daftari: tarehe, jina la mji, idadi ya wafu. Niliijua Likasi, nilikuwa na shangazi huko. Hakuna aliyeniambia kwamba mambo hayo mawili yanagusana. Wajapani wamemsema mnyama wao kwa miaka 70. Sisi tuliotoa udongo alikotokea hatujasema hata nusu saa.

Ndiyo maana naandika haya kwa ajili yenu ninyi mlio katika vituo. Mnayo yenu ya kusema: kijiji kilichoungua, njia mliyopita usiku, mtu aliyewapokea, mtu aliyewafungia mlango. Msipoyasema ninyi, siku moja atakuja mwingine ayaseme kwa namna yake. Huenda atayasema vizuri. Huenda atayakata mahali panapouma, kama walivyomkata yule mwanamke wa Nagasaki.

Juzi nilirudi kituoni na kumweleza kambo yote haya, kwa kifupi, yeye akichambua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu:

“Na ile watu ya kisiwa, walirudiaka kwao?”

Nikamwambia: “Hapana, kambo. Mpaka leo bado.”

Akanyamaza. Kisha akamwita yule mjukuu aliyecheka, akamwambia aketi chini. Akaanza kumweleza jina la kijiji chao, jina la mto, na nani alikuwa jirani yao upande wa juu na upande wa chini. Nilitoa chombo changu cha kunasa sauti, nikamwomba ruhusa. Akakubali. Mtamsikia wiki ijayo katika kipindi chetu cha jioni. Mwenye wazee nyumbani asogeze redio karibu nao, na mzee mwenye neno lake atume mtoto aje kuniita.

Mtangazaji wenu, Kalemie.